Nguzo Katikati ya Duka

Mama mwenye duka alinipokea kwa soda baridi na lalamiko moja tu: "Injinia, hii nguzo inanivurugia biashara."

Nguzo yenyewe ilikuwa ya kawaida, sentimita 30 kwa 30, imepakwa rangi ya maziwa, imesimama hatua sita kutoka mlangoni. Juu yake kuna sakafu nne, zikiwa na wapangaji na vyombo vyao. Yeye amekodi chumba cha chini auze vitenge na mashuka, na kila mteja akiingia anakutana na nguzo kabla ya kukutana na kitenge. Alikuwa ameshaongea na fundi. Fundi kamwambia kazi ya siku mbili: tunapachika chuma pale juu, tunaikata, tunapiga lipu, umemaliza. Mimi niliitwa, kwa maneno yake mwenyewe, "kuthibitisha tu."

Nikaomba kalamu na risiti iliyotumika. Kutoka nguzo hadi nguzo mle ndani ni mita 4 kila upande, kwa hiyo ile ya katikati inabeba eneo la mita 4 kwa 4 katika kila sakafu, yaani mita za mraba 16. Ukijumlisha zege, tailizi, kuta za ndani, makabati na watu, mita moja ya mraba inakaribia tani moja. Mara sakafu nne: tani 64. Ni kama malori matatu ya mchanga yaliyojaa, moja limebebwa na jingine, na lote hilo limekaa juu ya kitu ambacho mtoto anaweza kukikumbatia.

Akaitazama risiti, akaitazama nguzo. "Kwa hiyo mimi nalipa kodi ya nguzo?"

Nilicheka, lakini swali lake halikuwa la kipumbavu. Nguzo kuondolewa inawezekana. Unaweka bimu nene ya kuhamisha mzigo kwenda kwenye nguzo za pembeni, unaimarisha nguzo hizo, unachimba na kuongeza vitako vyake, yaani misingi iliyo chini yake, kwa sababu kila kimoja kitapokea mzigo ambao hakikuwekewa, na wakati wote wa kazi jengo zima linaning'inia kwenye jeki. Bimu hiyo, kwa urefu wa mita 8 na tani 64 katikati, ingeshuka kutoka darini mita moja au zaidi. Duka lake lina kimo cha mita 3. Angepata chumba kisicho na nguzo, chenye bimu inayokaribia kugonga kichwa cha mteja mrefu. Na gharama yake ingenunua mzigo mzima wa vitenge.

Watu hutuona sisi wahandisi wa miundo kama mjomba anayekaa pembeni ya harusi akisema hapana. Msanifu analeta uzuri, mwenye mali analeta matumizi, sisi tunaleta woga. Miaka niliyokaa kwenye vumbi la saruji imenionyesha kitu kingine. Usalama, matumizi na uzuri wa jengo hukutana mapema sana, mara nyingi kwenye namba moja tu: nafasi kutoka tegemeo hadi tegemeo. Ukishaikubali namba hiyo, umeshaamua chumba kitakaaje, kitaonekanaje na kitabeba nini. Yanayofuata ni mapambo na hesabu za kuhakikisha.

Namba hiyo ina hasira. Chukua bimu ileile, mzigo uleule kwa kila mita, halafu uongeze nafasi mara mbili. Nguvu inayotaka kuipinda inakuwa mara nne. Kule kubonyea kwake katikati kunakuwa mara 16. Ndiyo maana mtu anayeomba "sebule kubwa kidogo" anashangaa kuona bei ya nondo imepaa. Na bimu inayobonyea si lazima ianguke. Inaweza kukaa miaka 30 huku tailizi zinapasuka, mlango wa chumbani unakwaruza sakafu, na maji yanatuama katikati ya paa. Salama, lakini nyumba imekuwa kero.

Somo hili sikulipata chuo. Nililipata chali, nimelala kwenye mkeka nyumbani kwa bibi, Mji Mkongwe, Unguja. Usiku umeme ukikatika hakuna cha kufanya ila kuhesabu boriti. Chumba cha bibi kilikuwa kirefu kama treni na chembamba vilevile. Nilimuuliza kwa nini vyumba vyote vya nyumba ile viko hivyo. "Mkoko ndivyo ulivyotaka," akanijibu, akajigeuza kulala.

Alikuwa amenipa jibu kamili. Dari za nyumba za mawe za pwani hubebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko mnyoofu na mgumu wa kutosha kubeba sakafu ya mawe na chokaa hauvuki sana mita 3. Wakata mikoko walikuwa na majina ya kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mwashi hakuanza na chumba akatafuta mti. Alianza na boriti. Upana wa chumba ukawa upana wa boriti, na aliyetaka nafasi zaidi aliongeza urefu, au alijenga chumba kingine sambamba na cha kwanza. Ukiingia nyumba ya zamani ya Lamu unaipita hivyohivyo, msana wa chini, msana wa juu, kisha ndani, ukanda nyuma ya ukanda, kila mmoja una giza na ubaridi kuliko uliotangulia. Wageni hupiga picha na kusifu faragha ya Mswahili. Faragha ipo, ni kweli, lakini imekaa juu ya mti wa mita 3.

Tena mti huo ulisafiri. Majahazi yaliubeba kwenda Oman na nchi za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni haba, na huko nako vyumba vya nyumba za kale vikawa vyembamba kwa kipimo kilekile. Mtu amekaa kwenye baraza lake ng'ambo ya bahari, upana wa chumba chake umeamuliwa na kinamasi cha Lamu au Rufiji. Sijui kitu kizuri zaidi ya hicho katika kazi yangu.

Hata zile zidaka za plasta kwenye kuta za ndani, safu juu ya safu, zinawezekana kwa sababu ukuta ni mnene. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unafika nusu mita au zaidi, maana jiwe lile ni jepesi na dhaifu, linataka unene ili libebe. Mwenye nyumba akapata unene bila kuuomba, fundi akauchimba vishubaka vya kuwekea sahani za China na msahafu. Udhaifu wa jiwe ukazaa pambo.

Sitaki mtu adhani wazee hawakukosea. Nenda Kilwa Kisiwani, uingie Msikiti Mkuu. Mwanzoni mwa karne ya 14 msikiti wa zamani ulipanuliwa kwa ukubwa wa kujivunia, wakati Kilwa ilipokuwa tajiri kwa dhahabu ya Sofala na sultani alikuwa akijijengea pia jumba lake la Husuni Kubwa. Nguzo zilichongwa kutoka kipande kimoja kimoja cha tumbawe. Upanuzi ule ulianguka. Karne ya 15 ukajengwa upya, na nguzo zilizosimama leo ni nyingine: pande nane, zimejengwa kwa mawe na chokaa, ziko karibukaribu, na juu yake matao na kuba.

Tazama walichobadilisha. Jiwe halipendi kuvutwa, linapenda kubanwa. Ukilaza jiwe kama bimu, upande wake wa chini unavutwa na unapasuka. Ukilipanga kwenye tao au kuba, kila jiwe linambana mwenzake na mzigo unateremka kwa kusukumana hadi ardhini. Bei yake ni kwamba kuba inasukuma nje pia, kwa hiyo inataka ukuta mnene au kuba nyingine jirani ya kuizuia. Ndiyo sababu ukisimama pale katikati unaona msitu wa nguzo na matao yanayorudiarudia, mwanga unaingia vipande vipande. Nimesimama pale nikiwa na kipimo mkononi na nikasahau kupima. Uzuri wote ule ni marekebisho ya kosa.

Halafu kuna Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu ya Mji Mkongwe, Unguja. Hili ni jengo linaloniuma.

Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na fahari, na akavunja ile sheria ya boriti. Varanda pana zilizozunguka jengo zilisimama juu ya nguzo ndefu za chuma cha kalibu, na ndani, pamoja na tumbawe na boriti, kukawa na bimu za chuma na zege. Dari zikapanda juu kuliko Unguja ilivyowahi kuona. Likawa jengo la kwanza mjini kuwashwa taa za umeme, na lifti pia. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga ikulu, katika vita vilivyokwisha hata saa moja haijatimia. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani ikasagika, na mnara uliosimama mbele ukaangamia. Katika matengenezo mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa jengo lenyewe, na ndio sura tuliyoizoea sote, ile ya kwenye kadi za posta.

Siku ya Krismasi mwaka 2020, jengo likiwa kwenye ukarabati, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa. Nilikuwa mezani, sahani ya pilau mbele yangu, simu ikaanza kuleta picha. Nilizikuza moja baada ya nyingine. Kifusi cha jengo kina lugha yake: hapa tumbawe limerudi kuwa vumbi, pale chuma chekundu kwa kutu kimetokeza kama mfupa.

Kila kifaa kilichomo mle kilizeeka kwa njia yake. Chokaa kinapumua, kinapokea maji na kuyaachia. Boriti inaliwa na mchwa na kuozeshwa na mvua pale paa linapovuja. Chuma kikipata unyevu na chumvi kinapata kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa zaidi ya chuma ilichokila, kwa hiyo inavimba na kupasua chochote kilichokizunguka. Ukivichanganya vitatu hivi kwenye ukuta mmoja, mita chache kutoka baharini, umejipa kazi ya uangalizi isiyokwisha. Fahari ya 1883 ilihitaji mtu wa kupanda ngazi kila mwaka na kugonga kwa nyundo ndogo, kusikiliza. Sehemu za varanda zilikuwa zimeshaanza kuanguka miaka kadhaa kabla ya ile Krismasi.

Chumvi hiyohiyo ndiyo inayotutafuna Dar es Salaam leo, ila imejificha ndani ya zege. Nondo ikizungukwa na zege nzuri haipati kutu. Inalindwa na ngozi ya zege inayoifunika, na pwani ngozi hiyo inatakiwa iwe nene, milimita 40 au zaidi kwa sehemu zinazopigwa na upepo wa bahari. Milimita 40 ni upana wa vidole viwili. Zinapatikana kwa vipande vidogo vya zege tunavyoviita biskuti, vinavyowekwa chini ya nondo kabla ya kumwaga. Biskuti zinatengenezwa palepale kwenye eneo la ujenzi kwa mabaki ya mchanganyiko, karibu bure. Nimekuta majengo ya mabilioni yasiyo na biskuti.

Na balkoni! Niruhusuni nilalamike. Balkoni imeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo mtu akisimama ukingoni, upande wa juu wa slabu ndio unaovutwa. Nondo kuu lazima zikae juu. Fundi aliyezoea slabu za vyumba, ambazo nondo zake kuu hukaa chini, anazilaza chini kwa mazoea. Au anaziweka juu sawasawa, kisha siku ya zege vibarua 20 wenye ndoo wanazikanyaga, zinazama, na hakuna anayeziinua. Kwa macho balkoni hizo mbili ni sawa kabisa: rangi ileile, vyuma vya maua vilevile. Moja itabeba familia nzima siku ya Idi. Nyingine inasubiri siku ya Idi.

Mimi kijana nilisimamia kazi ambayo nilikosea hivyo. Nilizikagua nondo asubuhi, zikiwa mahali pake, nikasaini, nikaenda kunywa chai wakati zege linamwagwa. Mzee mmoja, saidia fundi ambaye hata mchoro hajui kuusoma, ndiye aliyenifuata mgahawani. "Kijana, vile vyuma vyako vimelala." Tulizivuta juu kwa ndoano za waya, zege likiwa bado bichi, mimi nikiwa nimepiga magoti na shati jeupe. Tangu siku hiyo sinywi chai siku ya zege.

Turudi kwenye matumizi, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 za watu na vitu kwa kila mita ya mraba. Ofisi 250. Duka 400. Stoo ya bidhaa, kilo 240 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo. Ukipanga marobota hadi mita 3 umefika 720. Sasa fikiria mtaa wowote wa biashara unaoujua. Nyumba ilijengwa wakae watu. Baadaye chini kukawa duka. Biashara ikakubali, ghorofa ya kwanza ikawa stoo. Hakuna aliyebomoa kitu, hakuna aliyejenga kitu, ramani iliyoko kabatini ni ileile, na sakafu inabeba karibu mara tano ya ilichoahidi. Zege lina akiba yake, ndiyo maana wengi wanapona. Wanadhani wamepona kwa sababu injinia alitia chumvi kwenye hesabu zake.

Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne likaanguka Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa kwenye biashara zao, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikasikiliza sauti zikitoka chini ya kifusi. Baada ya kila ajali simu yangu inaita mfululizo. Wananitumia picha za nyufa.

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila haisemi ufa upi. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kwenye lipu kama ramani ni lipu kukauka haraka. Paka rangi ulale. Ufa unaopanda kwa ulalo karibu na pale bimu inapokutana na nguzo, huo usiuzibe. Piga mstari wa penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, kisha tafuta mtu. Ukivuka mstari wako ndani ya wiki, usiendelee kulala mle. Zege linalobanduka na kuonyesha nondo yenye kutu kwenye nguzo ya chini, usimwite mpaka rangi. Kuziba ufa kwa pati na rangi ni kuufunga mdomo wa jengo linapotaka kusema.

Uzuri nao una namna yake ya kuficha. Mji wetu sasa unapenda vioo. Jengo linavishwa kioo cha bluu kutoka chini hadi juu, jua la saa nane linaingia lote, halafu linalipiwa viyoyozi mwaka mzima. Nguzo na bimu zinafunikwa kwa dari za jipsam, na siku nyufa zikija hakuna anayeziona. Kwenye chumba cha bibi, kila boriti ilikuwa wazi. Ikianza kuoza, mtu aliyelala chali ndiye wa kwanza kujua.

Yule mama hakukata nguzo yake. Nilimshauri aizungushie rafu za duara, vitenge vitundikwe juu hadi chini pande zote nne, na meza ya kukatia aisogeze ukutani. Alikubali shingo upande. Miezi michache baadaye alinipigia kunishukuru: wateja wakiingia wanaizunguka ile nguzo kwanza, na vitenge vya pale ndivyo vinavyokwisha upesi. Nikapita kumsalimu.

Rafu zilikuwa nzuri kweli. Nikasogeza kitenge kimoja nione fundi alizishikizaje. Nyuma yake kulikuwa na mfereji umechimbwa kwa patasi, kutoka usawa wa goti hadi darini, umepitishwa bomba la waya wa umeme kwenda kwenye taa mpya za kumulikia vitambaa. Lipu ilikuwa haijarudishwa. Nondo moja ilionekana wazi.

"Ni fundi umeme tu, Injinia," mama akasema. "Hajaigusa nguzo. Amechora tu."

Nikamwomba kiti na tochi ya simu, nikavua vitenge kimoja kimoja, nikaanza kuhesabu ringi zilizokatwa, vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo za nguzo pamoja. Zilikuwa tatu.